Mzunguko wa Franconia Ridge mwezi Mei: hali ya njia, vijito na theluji iliyobaki (New Hampshire)

#1 — MtotoWaSame (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Uzi huu ni kwa ndugu zetu tulioko huku kaskazini mashariki mwa Marekani, hasa nyie wa Manchester, Concord, Boston na Portland. Kila mwaka jua la Mei likianza kuwaka, simu nazo zinaanza: "Kaka, lini tunaenda ule mlima wenye mgongo mrefu?" Picha mlizoziona ni za Agosti. Mimi nimetoka huko Jumamosi, na hali niliyoikuta haifanani na picha hizo hata kidogo, ndiyo maana nimeona niandike kabla watu hawajapanga safari.

Kwanza kuna kosa ambalo watu wa kwetu tunalifanya, na mimi nililifanya mwaka wa kwanza. Kilele cha Lafayette, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote kwenye mzunguko huu, kina mita 1,600 hivi. Geti la Marangu, pale unapojiandikisha kabla hujaanza kupanda Kilimanjaro, liko zaidi ya mita 1,800. Mimi nimekulia Same, chini ya Milima ya Upare, na kilele cha Shengena kinapita mita 2,400 na msitu unafika mpaka juu. Kwa hiyo niliposikia 1,600 nikaona ni kilima cha kwenda na raba na sweta la pamba. Tulirudi tukiwa hatujafika hata nusu ya kupanda, mwenzangu vidole vya miguu havina hisia.

Namba ya mita peke yake haikuambii kitu. Huku tuko latitudo ya 44 kaskazini, na miti inaishia kwenye mita 1,300 na kitu. Juu ya hapo ni mwamba mtupu na upepo. Kutoka Little Haystack mpaka Lafayette ni karibu kilomita 2.7 uko wazi, huna pa kujificha. Na majira haya ya kuchipua ndiyo yanayodanganya kuliko kipupwe chenyewe, kwa sababu mjini watu wanavaa kaptula na miti imeanza kutoa majani, wakati huko juu msituni theluji ya miezi mitano bado imelala.

Sasa njia yenyewe. Mzunguko mzima ni kilomita 14.3, kupanda jumla ni kama mita 1,190. Unaanzia maegesho ya Franconia Notch kando ya barabara ya I-93, unapanda kwa Falling Waters, unatembea mgongoni Little Haystack–Lincoln–Lafayette, unashuka mpaka banda la Greenleaf, halafu Old Bridle Path inakurudisha kwenye gari.

Tuliondoka kwenye gari saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, tukiwa watatu. Nyuzi joto 11. Kilomita ya kwanza ni tope na mizizi, hakuna theluji kabisa, na hapo ndipo wengi wanapojiambia meno ya chuma, yale ya kuvalia chini ya viatu yasiteleze, wayaache garini. Msiyaache.

Kisha vijito. Njia inavuka Dry Brook mara kadhaa, na jina lisikupumbaze, Mei kijito hiki kimejaa. Maji yote ni theluji inayoyeyuka juu. Jua likiwaka mchana kutwa, maji yanapanda. Usiku ukiwa wa baridi, theluji inakaza na asubuhi kijito kinakuwa kimepungua. Sisi tulivuka alfajiri na mawe yalikuwa yameinua vichwa. Kundi moja tulilokutana nalo jioni kwenye maegesho walifika pale saa saba mchana, wakakuta mawe yaleyale yamefunikwa, wakavuka maji yakiwa magotini, wakarudi. Saa sita tu za tofauti, kijito kilekile.

Ukipita maporomoko ya Cloudland (yana urefu wa mita 24 hivi, na Mei yananguruma mpaka unahisi kifuani), barafu ndiyo inaanza. Kwetu ilianza karibu mita 900. Hapa nieleze vizuri, maana asiyewahi kuiona hawezi kuifikiria. Wapandaji wa kipupwe kizima wamekanyaga katikati ya njia, theluji ikashindiliwa ikawa barafu. Joto likija, theluji laini ya pembeni inayeyuka kwanza. Katikati linabaki tuta jembamba la barafu, upana wa futi moja au chini ya hapo, limeinuka kama reli, na wenyeji wanaliita hivyohivyo: monoreli. Unatembea juu yake kama mtu anayepita juu ya gogo. Ukiteleza pembeni, mguu unatumbukia mpaka pajani kwenye theluji iliyooza, na chini yake mara nyingi kuna uwazi, kuna maji yanapita unayasikia, kuna mawe na matawi ya misonobari usiyoyaona. Mimi nilitumbukia mara nne. Mara ya tatu muundi wa mguu ulikwaruzwa na jiwe ngozi ikachunika kama kiganja kizima. Kukwaruzwa kunapona. Ninachokiogopa ni mguu kukwama wakati mwili umeshaenda mbele, hapo goti linakwenda.

Sehemu hii ya juu ya Falling Waters, kuanzia kichepuko cha Shining Rock mpaka miti inapoishia, ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Karibu saa nzima kwa umbali mdogo sana.

Tulitoka kwenye miti Little Haystack saa nne. Mgongo wenyewe ulikuwa mkavu karibu wote, kwa sababu upepo huko unaipeperusha theluji kipupwe kizima isipate pa kukaa. Joto nyuzi 1, upepo unatoka kushoto, kaskazini magharibi, wa kukufanya utembee umeinama. Tulivaa kila kitu tulichobeba. Kati ya Lincoln na Lafayette kuna bonde dogo lenye vichaka, pale tulikuta lundo la theluji limeziba njia na watu walikuwa wameanza kulizunguka kwa kukanyaga mimea. Naomba hapo mpite juu ya theluji, nitaeleza sababu chini kama kuna atakayetaka.

Lafayette saa sita kasorobo. Kushuka hadi bandani theluji laini, kutumbukia tena. Chini ya banda barafu kidogo msituni, halafu ile miamba ya wazi ya Old Bridle Path ilikuwa mikavu kabisa, jua linaipiga moja kwa moja. Mwisho tope. Garini saa tisa na nusu.

Kwa kifupi cha wenye haraka: wiki hii usiende bila meno ya chuma, fimbo mbili, koti la upepo, soksi za akiba za sufu, na moyo wa kugeuka. Kama huna haraka, ngoja katikati ya Juni.

#2 — Binti_Ujiji

Asante sana kaka kwa maelezo haya, Mungu akubariki. Nina swali. Tumepanga na familia mbili wikiendi ya Memorial Day, watoto wana miaka tisa na kumi na mbili. Wamezoea kutembea, mwaka jana walipanda vilima vya hapa Manchester bila kulalamika. Je, kufikia mwisho wa Mei hiyo reli ya barafu itakuwa imeisha? Nisije nikawavunja moyo watoto.

#3 — MtotoWaSame

Dada Binti_Ujiji, karibu sana. Kwa watoto hao mzunguko mzima mwisho wa Mei nisingewapeleka. Mwaka hadi mwaka unatofautiana, lakini juu ya mita 1,100 msituni mabaki ya barafu yanaweza kuwepo mpaka Juni inaingia, na kimo cha mtoto wa miaka tisa kwenye theluji inayotumbukia si sawa na chako. Wewe unazama mpaka pajani, yeye anazama mpaka kiunoni.

Lakini siku isiharibike. Mna mambo mawili mazuri palepale Franconia Notch. La kwanza, pandeni Falling Waters mpaka Cloudland tu halafu mrudi, ni kilomita mbili na kitu kwenda. Kipindi hiki maporomoko yale ndiyo yana maji ya kutosha, Agosti yanabaki uzi. Kama kijito kimejaa mtakapofika kwenye kivuko cha kwanza, rudini hapohapo. La pili, Artists Bluff pamoja na Bald Mountain, ni mzunguko mfupi, watoto watasimama juu waone ziwa la Echo chini yao na huo mgongo wa Lafayette ng'ambo ukiwa na madoa meupe. Waoneshe kwa kidole, waambie Julai tunakwenda pale.

Jambo lingine, mkiwa na watoto mbebe nguo za kubadili ndani ya mfuko wa nailoni. Mtoto aliyelowa hasemi mapema kwamba anasikia baridi, anakaa kimya tu. Akianza kunyamaza, mwangalie.

#4 — Wagumu_Moshi

Mleta uzi heshima yako. Mimi nipo Moshi, nimebeba mizigo na baadaye kuongoza wageni Kilimanjaro kwa muda mrefu. Theluji ya aina hiyo kwetu hatuna, lakini kuna kitu umesema kimenigusa: watu kuzunguka. Masika hapa, Aprili na Mei, njia ya Mweka ya kushukia inakuwa tope la utelezi kutoka msituni mpaka getini. Mgeni akiona tope anapita pembeni kwenye majani. Anayemfuata anapita pembeni zaidi. Mwisho njia ya mtu mmoja inakuwa uwanja, mizizi iko nje, mvua ikija inapata pa kuchimba. Tunawaambia wageni kila siku: pita katikati, kiatu kitaoshwa.

Na kuhusu mita, ni kweli kabisa. Nimeona watu wenye afya wanatetemeka Mandara kwa mvua tu, na siyo hata baridi ya kileleni. Kulowa na upepo vikikutana ndiyo vinaua, kimo baadaye.

Swali langu: hayo meno ya chuma ni kama yale ya kupandia barafu, yenye miiba mirefu?

#5 — MtotoWaSame

Mkuu Wagumu_Moshi, nimefurahi sana kukupata kwenye uzi huu.

Hapana, haya ni mafupi. Ni mpira unaovutwa juu ya kiatu chochote, chini una minyororo yenye meno madogo ya kama sentimita moja. Unavaa kwa nusu dakika. Yale marefu ni ya Januari kwenye miteremko migumu. Ila haya mafupi yana tabia moja ya Mei: theluji ikiwa laini inaganda chini ya unyayo inakuwa donge, unajikuta unatembea juu ya tufe la theluji. Gonga kiatu kwa fimbo kila baada ya hatua kadhaa. Na ukifika kwenye mwamba mkavu yavue, chuma kwenye jiwe kinateleza na kinaukwaruza mwamba.

Kuhusu tope, umesema lililo moyoni mwangu. Jimbo la jirani, Vermont, wao wanafunga njia za kwenye ardhi ya jimbo kipindi cha tope, kuanzia katikati ya Aprili mpaka karibu na Memorial Day. Ardhi inayeyuka juu wakati chini bado imeganda, maji hayana pa kuzama, unyayo mmoja unaacha shimo ambalo mvua inaligeuza mfereji. New Hampshire hawafungi kwa jumla namna hiyo, kwa hiyo jukumu ni letu. Pita katikati ya tope. Kama huwezi kupita katikati, njia haijawa tayari.

Na ile sababu niliyoahidi, ya kutokukanyaga mimea juu mgongoni. Kuna mmea mdogo wa maua ya njano, Potentilla robbinsiana, mmea mzima haupiti ukubwa wa sarafu. Duniani kote unapatikana Mlima Washington na Franconia Ridge tu. Uliwahi kuwa kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka Marekani, ukatolewa mwaka 2002 baada ya njia kuhamishwa mbali nao na miche mipya kupandwa. Umeokolewa kwa watu kuhamisha miguu yao. Zile kuta fupi za mawe mnazoziona pande mbili za njia juu kule hazikuwekwa kwa urembo, zinakuonesha pa kukanyaga. Mmea wa huko una wiki chache tu za kukua kila mwaka, buti moja linaweza kufuta kazi ya miaka mingi.

Hiyo hali ya kuyeyuka na kuganda ina nguvu ajabu. Hapohapo Franconia Notch, upande wa pili wa barabara, palikuwa na mwamba uliofanana na uso wa mzee ukiutazama kwa ubavu, mpaka leo uko kwenye vibao vya barabara za jimbo. Maji yaliingia kwenye nyufa, yakaganda, yakapanuka, yakayeyuka, miaka na miaka. Watu waliufunga kwa vyuma na saruji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2003 ukaanguka. Mwezi huuhuu tunaouzungumza.

#6 — NduguWaUvira

Ndugu zangu, amani kwenu. Mimi niko Concord, kazini tuko Wakongomani watano tunaotaka kwenda Jumamosi ijayo. Tumeshanunua meno. Maswali mawili: kuna kibali au cheti cha kulipia? Na mtu akivunjika mguu kule juu, anayekuja ni nani, na gharama ni ya nani? Hili la gharama linatutia hofu, wengine wetu hatuna muda mrefu katika nchi hii.

#7 — MtotoWaSame

Ndugu yangu, amani na kwako. Swali zuri mno.

Kibali cha kupanda hakuna. Mtu akiumia mnapiga 911, na wanaosimamia uokoaji ni idara ya jimbo, Fish and Game, pamoja na watu wa kujitolea wanaoacha kazi zao na kubeba machela usiku. Kwenye mteremko kama ule kumbeba mtu mmoja kunahitaji watu wengi wa kupokezana na inachukua saa nyingi, kwa hiyo aliyeumia lazima awe na nguo za kumkinga wakati anasubiri. Mtandao wa simu huko unakuja na kupotea, msiutegemee, na simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili kwa sababu baridi inamaliza chaji.

Gharama: sheria ya jimbo inaruhusu mtu aliyefanya uzembe adaiwe gharama za kuokolewa. Kwenda Mei bila vifaa kunaweza kuhesabiwa uzembe. Kuna kadi inaitwa Hike Safe, dola 25 kwa mtu mmoja na 35 kwa familia, kwa mwaka. Ukiwa nayo hudaiwi kwa uzembe wa kawaida, na fedha zinakwenda kwenye mfuko wa uokoaji. Inanunuliwa mtandaoni. Mimi ninayo, na naomba kila mmoja wenu awe nayo. Asikudanganye mtu kwamba kwa kuogopa deni usipige simu. Ukiumia, piga.

Kabla ya kuondoka, Ijumaa jioni na Jumamosi alfajiri, someni utabiri wa vilele unaotolewa na kituo cha Mount Washington. Utabiri wa Concord hautawaambia kitu kuhusu mgongo wa Lafayette. Pale Mlima Washington upepo uliwahi kupimwa kilomita 372 kwa saa, tarehe 12 Aprili 1934, mwezi ambao mjini watu wanaanza kufikiria bustani.

#8 — Mlimani_Boston

Uzi mzuri, lakini naomba nitofautiane na mleta mada jambo moja. Mimi huwa napanda kwa Old Bridle Path na kushuka Falling Waters. Sababu yangu ni upepo. Ukipanda kwa Bridle Path, ile miamba ya wazi inakuonesha mgongo wote wa mlima kabla hujafika, na bandani unaweza kusimama, ukasikiliza, ukaamua. Ukipanda Falling Waters uko ndani ya miti mpaka mwisho, halafu ghafla uko nje kwenye upepo na umeshachoka.

#9 — MtotoWaSame

Mlimani_Boston, hoja yako ina uzito na sikuwahi kuifikiria hivyo. Kwa Juni hadi Septemba mtu afuate anachopenda.

Kwa Mei nabaki na msimamo wangu kwa sababu mbili. Miamba ya Falling Waters inatiririka maji na kuna barafu nyembamba juu yake. Kupanda unaona unaposhika na uzito wako uko mbele. Kushuka, goti limechoka, saa nane mchana, barafu imelainika juu lakini ngumu chini, hapo ndipo watu wanapoanguka. Sababu ya pili ni kijito. Ukishuka Falling Waters unafika kwenye vivuko alasiri, wakati maji yamepanda kabisa, na gari liko ng'ambo. Ukiyakuta makubwa asubuhi unarudi nyumbani. Ukiyakuta makubwa jioni unashawishika kujaribu.

Lakini ushauri wako wa kusikiliza kabla ya kutoka nauchukua. Chini kidogo ya Little Haystack, kabla miti haijaisha, simameni hapo mvae kila kitu, mle, mnywe. Kama miti mifupi juu yenu inalala kwa upepo, mgeukie hapo.

#10 — NduguWaUvira

Ndugu, tumerudi jana, natoa habari kama ilivyo desturi.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Vijito tulivuka vizuri, mmoja tu alilowa kiatu cha kushoto, akabadili soksi. Barafu tuliikuta juu zaidi ya pale uliposema, imeyeyuka sana wiki hii. Reli bado ipo lakini imekatikakatika, vipande vya hatua kumi, kisha tope, kisha reli tena. Kutumbukia ni kwingi. Mwenzetu mrefu kuliko wote alizama mguu, kiatu kikabaki ndani, tukachimba kwa mikono kama dakika kumi. Maji yalikuwa yanapita chini yake, tuliyaona.

Karibu na Shining Rock ilikuwa saa tano na nusu. Tulikuwa tumejiwekea kwamba saa tano tuwe Little Haystack. Wawili walitaka tuendelee, walisema tumeshafika karibu. Nikawasomea uliyoandika kuhusu kijito cha alasiri, kutoka kwenye simu, tumesimama kwenye barafu. Tukageuka. Tulipofika kivuko cha chini maji yalikuwa yamepanda kiganja kizima juu ya alama tuliyoiona asubuhi kwenye jiwe. Tulivuka kwa kushikana mikono.

Tumekula ugali na samaki kwenye maegesho. Kila mtu ana miguu yake miwili.

#11 — MtotoWaSame

Ndugu wa Uvira, nimesoma habari yako mara mbili. Asante kwa alama ya maji kwenye jiwe, hilo nitalianza na mimi: kuangalia jiwe moja asubuhi na kulikariri.

Nakwenda tena Jumamosi ya tatu ya Juni, nzi weusi watakuwepo bado kwa hiyo mje na vitambaa vya kichwa na mikono mirefu. Tunaonana kwenye maegesho saa kumi na mbili kamili. Dada Binti_Ujiji, wale watoto wakitaka kuja mpaka Cloudland siku hiyo, mke wangu atakuwa na wetu, watatembea pamoja na sisi tutawakuta chini. Chai nitaleta mimi.